Kopo la mafuta ndani ya ndoo ya kuogea

Chupa ya mafuta ya nazi niliyofungashiwa na bibi kule Pangani, mkoani Tanga, ilifika Njombe imeganda kama mshumaa. Niliigeuza juu chini, nikaigonga kiganjani, haikutoa hata tone. Nilikuwa sijui kwamba mafuta ya nazi huanza kuganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, kwa sababu Pangani nyuzi 24 ni usiku wa baridi, watu wanatafuta shuka la pili. Njombe iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na mimi niliingia mwezi wa sita, barua ya kupangiwa shule mkononi na sweta moja kwenye begi. Nikaisogeza chupa karibu na jiko la mkaa, mafuta yakayeyuka, nikajipaka, nikalala. Asubuhi mikono ilikuwa imepauka kama ya mtu aliyeshinda anachekecha unga.

Pumu ya ngozi ninayo tangu utotoni. Nyumbani hakuna aliyeiita hivyo. Ulikuwa "upele wa huyu mtoto", unakuja kwenye mikunjo ya viwiko na nyuma ya magoti, unakaa wiki mbili, unaondoka. Mama ana pumu ya kifua, mjomba hupiga chafya kila miembe inapochanua, mimi likaniangukia la ngozi. Ukubwani ndipo nilipoelezwa kuwa hayo matatu hupenda kutembea pamoja ndani ya ukoo mmoja. Pwani ulinisumbua kwa vipindi. Njombe ukahamia moja kwa moja, na ukapata wenzake: upepo mkavu, sweta la sufu, maji ya moto, na chaki.

Chaki niitaje peke yake, maana walimu tunaisahau. Ule unga hunyonya unyevu wa vidole siku nzima, halafu unanawa kwa sabuni ya kipande kabla ya kula, halafu unarudi kushika chaki nyingine. Ilipofika mwezi wa nane, vidole vyangu vilikuwa vimepasuka kwenye maungio, na kila nikiandika ubaoni nilikuwa naikunja mikono ya sweta ifunike hadi viganja, watoto wasione.

Nilikwenda kutibiwa. Aliyeniona mara ya kwanza aliangalia viwiko kwa sekunde chache akasema fangasi. Simlaumu sana sasa. Picha nyingi za ugonjwa huu, hata nilipokuja kuzitafuta mwenyewe kwenye simu, ni za ngozi nyeupe iliyoiva kama nyanya. Kwangu mimi hapakuwa na wekundu wowote. Palikuwa na mabaka meusi yenye kijivu juu yake, vipele vidogo vidogo kama vya mtu aliyesisimkwa na baridi, na ngozi iliyonenepa na kuota mistari kwa sababu ya kukunwa. Nikatumia dawa ya fangasi mwezi mzima. Fangasi kama angekuwepo angekufa. Muwasho haukupungua hata chembe.

Baada ya hapo nikaingia duka la dawa, na hapo ndipo nilipopata msiba wenyewe. "Madam, chukua hii, inamaliza kila kitu." Ilikuwa tyubu ndogo, ya bei ya kawaida tu, na ndani yake mlikuwa na vitu vitatu kwa mpigo: dawa ya fangasi, ya bakteria, na klobetasoli, ambayo ni steroidi, yaani dawa ya kutuliza uvimbe na muwasho, tena kali kuliko karibu zote zinazopakwa kwenye ngozi. Siku ya tatu viwiko vilikuwa laini kama mashavu ya mtoto. Nililia kwa furaha, sifichi. Miaka yote ile, kumbe dawa ipo dukani, haina hata foleni!

Kosa halikuwa kuitumia. Kosa ni kwamba niliifanya mafuta ya kupaka. Asubuhi viwiko, jioni mikono, baadaye shingo, baadaye uso, maana uso nao ulikuwa unakakamaa kwa baridi. Miezi tisa. Nikiacha siku nne ugonjwa unarudi kwa hasira, basi narudia. Uso ukaanza kuwa mweupe kuliko masikio. Kwenye ofisi ya walimu wakaanza kwa utani, "Madam wa Tanga siku hizi anang'aa," kisha utani ukakatika, na nikajua kwamba neno mkorogo linatajwa nikitoka. Lililoniuma ni kwamba hawakuwa mbali na ukweli. Klobetasoli ni mojawapo ya vitu ambavyo watu huvichanganya kwenye huo mkorogo. Mimi nilikuwa najichubua bila kukusudia, kwa jina la tiba. Ndani ya kiwiko cha kushoto nina michirizi hadi leo, ngozi imekonda, mishipa inaonekana. Hiyo haitaondoka.

Aliyenitoa huko alikuwa tabibu wa ngozi, mmoja wa wale waliosomea Moshi. Pale hospitali ya KCMC pana kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichoanza mwaka 1992, kinachofundisha matabibu wakarudi kuhudumia mikoa ambayo haina daktari bingwa wa ngozi. Nilimwamkia, nikakaa, nikaanza kumtolea tyubu zangu mezani. Hakuzigusa. Aliniuliza maswali matatu: unajipaka nini, unajipaka saa ngapi, na kopo moja linakuchukua muda gani kuisha. La tatu sikuwahi kuulizwa na mtu yeyote.

"Kopo la gramu 250 linanifikisha miezi miwili," nikamjibu, tena kwa majivuno ya mtu anayejua kubana matumizi.

Akacheka hadi akavua miwani. "Madam, hayo ni mafuta au manukato?"

Kisha akauliza kama kwetu Pangani bado watu wanatumia mtungi. Nikamwambia bibi anao. "Basi unajua mtungi unavyotoa jasho. Unaujaza jioni, asubuhi maji yamepungua na hakuna aliyechota. Ngozi yako ndiyo mtungi huo. Ya mwenzako imezibwa vizuri tangu kuzaliwa, yako inavuja. Maji yanatoka, na kwa njia hiyo hiyo vumbi, sabuni na vijidudu vinaingia, mwili unakasirika, unawashwa, unajikuna, unazidi kuitoboa." Mafuta, akasema, hayaleti maji kwenye ngozi. Yanayafungia yaliyomo. Ukijipaka ngozi ikiwa imeshakauka, umefungia ukavu.

Niliwaza njia ninayopita kila asubuhi. Nimepanga chumba kwenye nyumba ya uani, bafu liko upande wa pili wa uwanja. Naoga maji ya moto kiasi cha kutoa mvuke, najisugua kwa dodoki na sabuni ya kipande, najikausha kwa taulo kama mtu anayefuta meza, najifunga khanga, navuka uwanja. Katikati nakutana na mama mwenye nyumba. "Kamwene." Nami naitikia kamwene, na salamu za huku hazikatiki hivi hivi: umeamkaje, watoto wa shule wameamkaje, baridi je, kwenu Tanga wazima? Ni heshima, huwezi kumpita mzazi mbiombio. Lakini nikifika chumbani dakika kumi zimepita katika upepo wa Njombe, na ngozi imekwisha kukauka hadi inanivuta usoni. Hapo ndipo nilikuwa nafungua kopo.

Dawa ya kwanza niliyopewa siku ile, kwa hiyo, ilikuwa kuliweka kopo la mafuta ndani ya ndoo ya kuogea na kwenda nalo bafuni. Mpaka leo naona hilo lilifanya kazi kubwa kuliko chochote nilichonunua. Maji yakawa ya vuguvugu, kuoga kukawa dakika tano, dodoki likaenda kusugulia masufuria. Sabuni nikaibakizia kwapa, sehemu za siri na miguu. Mikono na mapaja yanatoka kwa maji tu. Ngozi hupenda uchachu kidogo, pH ya 5 hivi (chini ya 7 ni uchachu, juu ya hapo ni kinyume chake), na sabuni ya kipande iko kwenye 9 au 10, kwa hiyo kila povu lilikuwa linafumua kile kidogo kilichozibwa. Nikitoka kwenye maji najigusagusa kwa khanga kuukuu iliyolainika, naacha unyevu, napaka pale pale nikiwa natetemeka, nikielekeza mkono chini kufuata vinyweleo, bila kusugua. Kisha ndiyo namsalimia mama mwenye nyumba, ninang'aa kama samaki.

Jambo moja lilinichekesha baadaye, nikiwa nimelala. Bibi alikuwa anatupanga uani baada ya kutuogesha, watoto watano, tukiwa tunachuruzika maji, anatupaka mmoja mmoja kwa kiganja kilichojaa mafuta ya nazi, na ukikimbia kujikausha kwanza anakuvuta mkono. Nilidhani ni haraka zake. Nilivyokwenda shule ya bweni nikajifunza kujikausha vizuri kama watu wastaarabu.

Sasa kuhusu aina ya mafuta, maana hilo ndilo kila mtu huniuliza na mimi naona ndilo lenye uzito mdogo. Natumia mafuta ya mgando ya kawaida kabisa, yasiyo na rangi wala harufu. Ni kitu cha kizamani, Vaseline yenyewe ilisajiliwa Marekani mwaka 1872, lakini kwa kuzuia maji yasitoke kwenye ngozi bado kiko mstari wa mbele. Yale ya rangi ya waridi yenye picha ya mtoto na harufu nzuri yaliniwasha shingo ndani ya siku mbili. Manukato ni adui kwa ngozi kama hii hata kama kopo limeandikwa la watoto. Mafuta ya nazi ya bibi hayana ubaya, tatizo ni kuyayeyusha tu. Ya alizeti nayo nimeyatumia mwisho wa mwezi. Ya zeituni niliyaacha, ingawa kwetu Pwani yana heshima yake na niliyapokea kwa mikono miwili kutoka kwa shangazi: tindikali ya oleiki iliyojaa humo hulegeza ule ukuta wa ngozi badala ya kuushika, na kwangu ilionekana wazi. Losheni ni nyepesi, inapendeza mchana wa joto, lakini nyingi ni maji zaidi ya mafuta na kwa baridi ya huku hainifikishi hata saa nne asubuhi.

Kuna utafiti wa Uingereza uliotoka mwaka 2022, watoto 550 wenye ugonjwa huu waligawiwa losheni, krimu, jeli au mafuta mazito, ikaangaliwa nani anapona vizuri. Hakukuwa na tofauti ya maana. Niliposoma hilo nilikumbuka fedha zote nilizomaliza nikitafuta lile kopo moja lenye muujiza. Yanayofaa ni yale ambayo mtu anaweza kuyavumilia kila siku na kuyanunua kila mwezi.

Kuyanunua, hapo ndipo penye kazi. Huko Uingereza mwongozo wa tiba unasema mtoto mwenye pumu ya ngozi apewe kati ya gramu 250 na 500 kwa wiki. Kwa wiki! Mshahara wangu unaujua. Sikufika huko, nilifika kopo moja la gramu 250 kwa siku kumi na nne, na hata hilo lilinifanya niache soda na vocha nyingine zisizo na kichwa. Nilinunua makopo makubwa ya jumla pale stendi badala ya yale madogo ya duka la jirani. Na nikaanza kuchota kwa kijiko safi, sichovyi vidole, kwa sababu kopo kubwa linalochovywa kwa mwezi mzima na vidole vilivyopasuka hugeuka kuwa makazi ya bakteria.

Sijasema kwamba baada ya hapo mambo yalinyooka. Nilifanya kosa la pili, lililo kinyume cha la kwanza. Kwa jinsi steroidi ilivyoniharibu uso, niliapa sitagusa tena, nikasema mafuta yatatosha. Tabibu alikuwa amenipa haidrokotisoni, steroidi hafifu, kwa ajili ya uso na nyingine ya nguvu ya wastani kwa viwiko, na maelekezo ya siku za kutumia. Nikazifungia kabatini. Mwezi wa saba uliofuata viwiko vikawaka, nikapaka mgando, vikazidi, nikapaka mgando mwingi zaidi, usiku silali, shuka lina alama za damu. Niliporudi kwake, viwiko vilikuwa na ukoko wa manjano na majimaji, vimeingiwa na bakteria. Ilibidi dawa ya kumeza.

Hakunigombeza. Alisema tu, "Nyumba ikiungua utaipaka rangi?" Mafuta ni ya kila siku, hata siku ambazo ngozi haina neno. Steroidi ni ya siku chache, pale panapowaka tu, mara moja kwa siku, kwa kipimo, na ikishatulia unaiacha. Kipimo chenyewe alinionyesha kwenye kidole changu cha shahada: mstari wa krimu kutoka mkunjo wa mwisho hadi ncha ya kidole, hiyo ni kama nusu gramu, inatosha eneo la viganja viwili vya mtu mzima pamoja na vidole vyake. Na kati ya mafuta na hiyo dawa niache nusu saa hivi, visichanganyike vikapunguzana nguvu. Akaniambia pia kitu cha kuogopa kweli: malengelenge madogo yanayofanana, yenye maumivu, yakienea haraka kwenye ngozi yenye pumu huku mtu ana homa, hapo si pa mafuta wala krimu, ni kukimbilia hospitali siku hiyo hiyo, kwa kuwa inaweza kuwa virusi vya hepesi.

Jiko la mkaa nalo nilikatazwa kulikaribia nikiwa nimejipaka. Nilidhani ni kwa ajili ya hewa, na ni kweli watu wa nyanda hizi hufa kwa kulala na jiko ndani, tena hewa ile ya moto inakausha ngozi. Lakini yeye alizungumzia nguo. Mafuta ya mgando hutokana na mafuta ghafi yanayochimbwa ardhini, yanaingia kwenye khanga, shuka na sweta, hayatoki yote kwa kufua, na kitambaa kilichonyonya mafuta hayo kikidakwa na cheche kinashika moto haraka kuliko kawaida. Mimi niliyekuwa naota moto kila jioni na khanga iliyolowa mafuta nilihisi mgongo unasisimka. Sasa naota nimevaa pamba kavu juu, nimekaa mbali, na jiko liko nje ya mlango.

Nilipojifungua binti, nikaanza kumpaka mgando tangu siku ya tatu nikidhani namkinga. Muuguzi wa kliniki hakunikataza, ila nilisoma baadaye kwamba Waingereza walifuatilia watoto wachanga zaidi ya 1,300 wenye ukoo kama wangu, matokeo yakatoka mwaka 2020, na kupakwa kila siku mwaka mzima wa kwanza hakukuwazuia wasipate ugonjwa. Nikapumzika. Anapakwa akipauka. Ana miaka mitatu, ngozi ni ya baba yake.

Shuleni nilishazoeleka. Kona za madaftari niliyosahihisha zina alama ya kidole yenye mafuta, na najua darasa la nne wana jina wananiita nikigeuka ubaoni. Chaki naizungushia kipande cha karatasi, ubao naufuta kwa kitambaa chenye unyevu, na kopo dogo liko kwenye droo ya meza yangu pamoja na kijiko chake.

Mwaka huu kuna mtoto mmoja, wa viti vya mbele, niliyemwona anajikuna nyuma ya magoti kwa rula. Wenzake walikuwa wamemwachia dawati peke yake. Nilimwita mama yake, nikamkuta ameshaambiwa mengi: kwamba inaambukiza, kwamba mtoto karogwa. Nikakunja mikono ya sweta nikamwonyesha viwiko vyangu, ile michirizi pia. Nikamwelekeza kwa tabibu, na wakati wanasubiri tarehe nikamwambia mtoto awe anakuja ofisini saa nne, akishanawa, kabla mikono haijakauka.

Anakuja kila siku, hakosi. Anaamkia walimu wote kwa mpangilio, anachota kijiko kimoja, anapaka viwiko, anapaka magoti, kisha anainama na kumalizia yaliyobaki kiganjani kwenye viatu. Juzi nilivitazama vile viatu vinavyong'aa, nikaitazama miguu iliyopauka juu yake, nikamwambia achote kijiko kingine.